Masika ya Sahani Ndogo

Jumatatu, 11 Machi 1996

Sista Nyamai wa kliniki ya Satellite amenipa daftari la shule na kuniambia niandike kila ninachokula na kila ninapotembea, nisiache hata chai. Haya, naandika. Asubuhi: yai la kuchemsha, chai bila sukari na bila maziwa, ambayo si chai, ni maji yaliyochafuliwa. Mchana: sukuma ya kuchemsha na kipande cha samaki, naye wa kuchemsha. Jioni: kikombe cha mala, maziwa ya kuganda. Ugali hakuna. Mimi Filister, niliyezaliwa Uyoma ziwani na kulelewa kwa ugali, naambiwa na watu waliosoma kwamba ugali ni adui yangu.

Sababu ni ngiri ya kitovuni. Ilianza nilipomzaa Austin, ikiwa kama ndimu. Sasa imekuwa embe, na nikiinua karai la mafuta inauma mpaka machozi yananitoka. Dakta Muema amesema itapasuliwa na kushonwa, lakini si kwa tumbo nililo nalo, kwa sababu nyuzi hazitashika. "Punguza mwili kwanza, mama. Masika yakiisha tuone." Nikamuuliza nisipopunguza je? Akasema siku moja utumbo utajinyonga mle ndani, na hapo hatutakuwa tukiongea mambo ya uzito. Alisema hivyo akiangalia dirishani.

Na kazi yangu ni kukaanga samaki pale steji ya basi la 56. Kuanzia alasiri mpaka watu watoke kazini niko juu ya mafuta yanayochemka, nawapa wengine wale. Hebu nihurumieni.

Jumanne, 12 Machi

Njaa.

Jumapili, 17 Machi

Opondo amekuja na nyama ya mbuzi, kilo nzima, akaniwekea mbele. Nikamwambia siruhusiwi. Akaweka mikono kiunoni kama yuko mjengoni anakagua ukuta uliopinda.

"Daktari gani anamwambia mgonjwa asile?"

"Huyu wa Satellite."

"Mama Austin, mimi nimezika watu. Mgonjwa akiacha kula, huyo anaaga."

Huyu ndiye mume wangu. Ni fundi wa mawe. Nusu ya zile nyumba kubwa za huko Lavington zimepitia mikononi mwake. Kwao Alego hajaweka hata jiwe moja. Tukienda nyumbani tunaazima kibanda cha binamu yake ambaye hajaoa, na mvua ikinyesha tunahama na kitanda kutoka kona hii hadi ile. Tangu Austin anyonye mpaka sasa yuko bweni, sekondari, namwomba nyumba. Jibu lake nalijua kabla hajafungua mdomo. Mwaka ujao.

Nyama nimewapa watoto wa Kavetsa, jirani yangu. Nimeinusa kwanza.

Jumatatu, 25 Machi

Kliniki. Nimepungua! Sista Nyamai amenipigia makofi. Nikamuuliza kama naweza kuongeza mazoezi niende mbio mbio. Akatikisa kichwa.

"Tembea, usikimbie. Umepunguza mafuta kwa stovu, usitake bado ikuchemshie githeri ya mahindi na maharagwe. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini. Na usiruke chakula hata kimoja, hicho kidogo nimekipima."

Nimetembea pole pole mpaka nyumbani. Mvua imeanza kunusa.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Matope mpaka kwenye kizingiti. Yai, sukuma, samaki, mala. Mteja wangu mmoja, Wesonga, yule askari wa usiku, amekula mgongo wazi mbili mbele yangu akilamba mafuta vidoleni. Mgongo wazi ni mifupa tu ya mbuta iliyobaki kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya, lakini leo ningeila na gazeti lililoifunga.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Kanisani wamegawa mkate na soda. Nimekunywa maji. Mama mchungaji akaniuliza kama nimefunga. Nikasema ndiyo. Ni kweli, sivyo?

Jumatatu, 15 Aprili

Mizani haikusonga. Hata kidogo! Sista anasema ni kawaida, mwili huwa mkaidi, nivumilie. Nivumilie nini? Nimelala na njaa mwezi mzima, naota ugali unaongea. Jana embe la tumboni limeuma mpaka nikakaa chini katikati ya soko.

Nimeamua. Kavetsa ana kamba ya kuanikia nguo, tutairuka kila asubuhi nyuma ya bafu za ploti. Halafu nitakuwa natembea mpaka Kianda kwa Eddah, mke wa shemeji yangu Jeconia, ndugu yake Opondo, na kurudi kwa miguu. Na mala ya jioni naiacha. Kama kidogo ni kizuri, kidogo zaidi ni kizuri zaidi. Sista hatajua.

Ijumaa, 19 Aprili

Kamba. Kianda. Kavetsa, aliyenisindikiza, ametuona kwenye kioo cha saluni tukipita akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye anakanda chapati kutwa nzima na kula za kuonja, mwili hauongezeki wala haupungui. Mungu ana upendeleo, acha niseme.

Jumatano, 24 Aprili

Kamba. Mvua. Kianda. Mvua. Gauni la kanisa linanizunguka.

Jumapili, 28 Aprili

Nimelala kitandani tangu jana jioni. Naandika polepole.

Jana asubuhi niliruka kamba, nikaenda Kianda, nikarudi, nikafua, nikaenda sokoni kuchukua samaki. Chakula cha mchana sikula, nilisema nitakula baadaye. Jioni steji ilikuwa imejaa kwa sababu mvua ilikuwa imenyamaza kidogo. Niliwasha jiko, mafuta yakachemka, nikatia samaki wa kwanza, ngege mnene. Nikaona watu wanakwenda mbali kidogo kidogo, na masikio yakaanza kulia kama nzi wako ndani. Nikajua. Nikakumbuka Sista alisema kaa chini. Lakini samaki walikuwa mafutani, na wateja wamepanga foleni, nani anakaa chini hapo?

Nilianguka nikielekea karai. Kavetsa ndiye aliyenishika leso kiunoni na kunivuta upande, tukaangukia wote wawili kwenye ndoo ya maji machafu. Mafuta yalimwagika pale pale ambapo uso wangu ungekuwa. Sitaki kuyafikiria tena hayo mafuta.

Nilipofungua macho niliona miguu tu, miguu mingi yenye matope. Kavetsa alikuwa ananipepea kwa kifuniko cha sufuria, analia, "Filister, usinifanyie hivyo, wewe!" Hakuna mwingine aliyeinama. Nikasikia mwanamke mmoja akisema, wala hakupunguza sauti, "Si mnaona vile mwili umeisha? Hiyo si njaa, hiyo ni ile kitu." Watu wakarudi nyuma hatua moja. Wesonga alikuwa na samaki mkononi, amemng'ata mara moja. Alimwangalia yule samaki, akaniangalia mimi, akamweka juu ya meza taratibu kabisa.

Opondo alikuja akanibeba mgongoni mpaka nyumbani. Zamani asingeweza kuniinua hata akiongezewa watu wawili. Njiani nilisikia tu pumzi yake.

Jumanne, 30 Aprili

Sista Nyamai ameninyeshea matusi ya kistaarabu. "Nilikupa chakula cha mtu anayetembea pole pole. Wewe umekula nusu yake ukafanya kazi ya punda. Mwili ungetoa wapi?" Nililia kidogo. Akanipa glukosi, akanipangia upya. Kamba nimekatazwa kabisa. Siku ya kutembea niongeze kikombe cha uji kabla ya kutoka. Siku ya kukaa, hakuna uji. Kinachoingia na kinachotoka vijuane. Na mala nirudishe, nisijifanye daktari.

Nimekubali. Nimechoka kuwa mjanja.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeuza samaki watatu.

Jumanne, 7 Mei

Mmoja. Kavetsa amenunua.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimembana Kavetsa, aniambie ukweli watu wananiogopea nini. Aliendelea kukanda unga.

"Wanasema uko na Ukimwi. Ati hiyo hadithi ya operesheni ni ya kufunika."

"Lakini nimewaambia wote ni ngiri! Kila mtu ameiona hii tumbo!"

"Filister, mwaka huu umezika watu wangapi? Kuna hata mmoja alisema ni nini? Wote walikuwa na malaria, ama tumbo, ama wamerogwa. Sasa wewe ukisema ni tumbo, nani ataamini?"

Ni kweli. Uongo umetumika sana mpaka ukweli haupati mahali pa kukaa.

Jumapili, 12 Mei

Akina mama wa kanisa wamekuja kuniombea. Wameimba nyimbo za kusindikiza, zile za mbinguni tutaonana. Wameniletea mayai, ndizi na sukari. Mmoja alinishika mkono, akaupima kwa vidole vyake akidhani sioni. Nimewashukuru. Walipotoka nimepiga mto ngumi.

Opondo hakuwepo. Amesafiri Alego tangu Ijumaa. Shughuli, alisema. Tembea: hakuna. Uji: hakuna.

Jumatatu, 20 Mei

Opondo amesafiri tena wikendi na kurudi leo asubuhi na matope mekundu kwenye viatu. Nikauliza shughuli gani. Akasema, "Mambo ya nyumbani." Miaka yote hii mtu huyu alikuwa akienda nyumbani kwa matanga na Krismasi tu.

Kavetsa hana breki. "Mwanaume akianza kwenda kwao kila wikendi, ujue kuna jiko lingine limewashwa."

Basi ni hivyo. Ameona mimi naenda, anajitafutia mwingine mapema. Mama yake atakuwa amemchagulia msichana mwenye mwili. Na mimi hapa nanyimwa hata sukari! Nimetembea mpaka Kianda na kurudi kwa hasira, lakini uji nilikunywa kwanza. Hata hasira siku hizi naipimia.

Jumamosi, 25 Mei

Nitaandika hili pole pole nilifurahie.

Jana Opondo alikuwa anafunga begi lake, mimi nimemgeuzia mgongo. Akasimama mlangoni, akakohoa. "Mama Austin. Mlango uangalie wapi?"

"Mlango gani?"

"Wa nyumba. Uangalie lango, ama uangalie ule upande wa mto, vile ulisema siku ile?"

Siku ile! Siku ile Austin alikuwa hajaota meno. Nilisema ningependa mlango unaoangalia mto, na mtu huyu alikuwa amelikumbuka neno hilo muda wote. Ananijengea nyumba. Ya matofali, vyumba vitatu. Msingi umemwagwa, kuta zimefika madirishani. Ndiyo hiyo shughuli. Nilikaa kitandani nikalia kwa kelele, na yeye akasimama pale ameshika begi, hajui afanye nini na mikono yake.

Nikasema mlango uangalie mto. Leo sijasikia njaa. Nimemsamehe kila kitu, hata zile nyumba za Lavington.

Jumapili, 2 Juni

Nilikunywa uji, nikatembea Kianda kumpelekea Eddah habari. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu. Nilikuwa natembea nikipanga mapazia.

Eddah alikuwa anachagua omena, wale dagaa wa ziwani. Nilimwambia yote, vyumba vitatu, mlango wa mtoni. Akaendelea kuchagua. Nikasema, "Wewe, si ufurahi na mimi?"

"Filister," akasema, "kwani hujaambiwa?"

"Nimeambiwa nini?"

"Mimi sitaki maneno. Lakini afadhali uyasikie kwangu." Akasukuma ungo kando. "Ulipoanguka pale steji, Opondo alikuja hapa kwa Jeconia akilia. Walipeleka habari nyumbani. Mama yao akasema: mwanangu, mke wako akifa leo, utamlaza ubavuni mwa nini?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Kwetu mke huzikwa kando ya nyumba yake. Kama hana nyumba, ni aibu na ni mkosi, wazee watamlazimisha mume asimamishe hata kibanda cha miti siku hiyo hiyo maiti ikisubiri. Nimeona ikifanywa. Nimeona mwanamume akichimba mashimo ya nguzo huku jeneza liko chini ya turubai.

"Kwa hivyo anajenga ili nipate pa kuzikwa."

"Anajenga ili usizikwe kama mtu asiye na kwake," Eddah akasema. "Hiyo pia ni heshima, Filister. Jeconia hangenifanyia."

Mayie! Nyumba niliyoiomba nikiwa mnene, mzima, nikicheka, sikupewa. Nimepewa ya kaburi. Nilitembea kurudi na mvua yote ikaninyeshea kichwani, sikukimbia.

Jumatatu, 3 Juni

Sijala. Si kwa sababu ya kliniki.

Jumanne, 4 Juni

Yai. Nimejilazimisha. Nikianguka tena nitakuwa nawaongezea ushahidi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemuuliza. Alikuwa anavua viatu. Nikasema, "Baba Austin, hiyo nyumba ni yangu ama ya jeneza langu?"

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyanoa siku nne. Lakini uso wake ulikunjika kama wa mtoto.

"Lazarus alianza hivyo," akasema. Lazarus ni kaka yake mkubwa, tulimzika juzi juzi tu, mwaka wa tisini na tatu. "Alisema ni tumbo. Alisema daktari amemkataza kula hiki na kile. Tukamwamini mpaka mwisho. Nilikuwa nambeba mgongoni kumpeleka msalani. Siku ile nilipokubeba wewe, uzito ulikuwa ule ule."

"Mimi si Lazarus. Mimi nina ngiri."

"Naye alikuwa na tumbo."

Nikampeleka kliniki kwa lazima, Sista Nyamai akamweleza kila kitu, stovu na mafuta, kinachoingia na kinachotoka, nyuzi na tumbo. Opondo aliitikia, "Ndiyo sista, ndiyo sista," kama mtu anayeelezewa habari za mbinguni. Njiani akaniuliza kama napenda saruji ya sakafuni iwe nyekundu.

Sina nguvu ya kumkasirikia. Anaogopa. Na mimi naogopa, ila sina wa kumjengea.

Jumatatu, 10 Juni

Mizani imekubali. Dakta Muema amenibonyeza tumbo, akasema, "Sasa hapa kuna mahali pa kushona." Nitapasuliwa wiki ijayo. Nimefurahi kidogo, kisha nimechoka sana, kama mtu aliyebeba mzigo akaambiwa tua na hajui atue wapi.

Jumanne, 18 Juni

Niko wodini. Kesho asubuhi. Kavetsa ameniletea leso safi, akaniambia nisipoamka ataniua. Opondo amekuja moja kwa moja kutoka kwa basi la Siaya, lile la kwao, hajaoga. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akinishika kidole kimoja. Muda wa wageni ulipokwisha akasimama, akainama karibu na sikio langu.

"Imefika lenta," akasema.

Kuta zimekwisha, yaani, imebaki paa. Wanawake wengine huambiwa wanapendwa. Mimi niliambiwa lenta. Nililia hata hivyo.

Jumapili, 23 Juni

Niko hai! Embe halipo. Nina mshono na maumivu, na sijawahi kupenda maumivu hivi. Dakta Muema alikaa akaniambia na lile lingine, bila kuulizwa: walipima damu yangu kabla ya kunipasua, na ile kitu sina. Opondo alikuwepo. Alimfanya daktari arudie. Kisha akatoka nje ya wodi, na kupitia dirishani nilimwona amechuchumaa kwenye nyasi, amefunika uso kwa kofia yake ya kazi.

Jumatano, 3 Julai

Nyumbani. Opondo ametangaza 56 nzima. Kavetsa anasema alisimama steji kama mhubiri. Wesonga amenitumia salamu na kuuliza nitarudi lini, samaki wa wengine wana miba.

Mvua imeisha. Baridi ya Julai.

Jumapili, 14 Julai

Sista ameruhusu ugali, kipande cha ngumi ya mtoto, na kila wiki naongeza kidogo. Leo Kavetsa amenipikia mwenyewe, ugali na ngege wa kukaanga, akaleta na kucheka. Opondo amekaa mbele yangu anakula kwa raha. Ndipo nikafahamu kwamba ni Jumapili na yuko hapa. Jumapili iliyopita pia alikuwa hapa.

"Baba Austin, mabati utapandisha lini?"

"Aa, mabati." Akamega tonge. "Mama Austin, si umepona? Haraka ya nini sasa? Kuta hazitoroki. Acha kwanza tupumue, tutaezeka mwaka ujao."

Mwaka ujao! Niliangalia ule ugali, mweupe, unatoa moshi, nilioulilia masika yote. Nilimega kidogo, nikatafuna muda mrefu. Kisha nikaisukuma sahani.

Akaacha kutafuna. "Vipi?"

"Hakuna. Chakula hakipiti tu." Nikavuta mkono wa sweta juu nijikune, ili auone mkono ulivyo.

Aliuangalia. Aliniangalia usoni. Tonge lake likabaki hewani, na nilimhurumia, haki ya Mungu nilimhurumia, lakini sikuivuta ile sahani.

Jumatatu, 15 Julai

Opondo hakwenda kazini. Amepita duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na mkokoteni wa mabati na misumari, akaondoka nayo kwenda kutafuta basi la Siaya. Amesema atarudi paa likiwa juu. Amenifunika blanketi kabla ya kutoka.

Asubuhi: kiporo cha ugali wa jana, wote. Ngege, wote, na kichwa. Chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu.

Kutembea: sikutembea.